Michael Faraday: Mtu wa Mshumaa na Umeme



Katika mitaa ya Magomeni, kuanzia Mapipa hadi Mikumi, jumuiya nyingi husali jioni majumbani mwa waamini. Meza hutandikwa kitambaa cheupe, juu yake huwekwa msalaba, Biblia, sanamu ya Mama Bikira Maria na mshumaa. Siku hizi mshumaa huo mara nyingi ni wa umeme. Hununuliwa Kariakoo, huwekwa betri, na ukiwashwa mwali wake huyumbayumba kana kwamba upepo umeugusa. Wazee wengine hawaupendi. Akina mama wenye watoto wadogo wanaushukuru, maana chumba ni kimoja, pazia liko karibu na mtoto anatambaa. Watu wa Kariakoo wanaujua moto: usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu liliungua, na mali za watu wengi zikapotea.

Je, mshumaa wa umeme ni kitu cha dharau mbele ya Mungu, au ni chombo chema kikitumika mahali pake? Kabla ya kujibu, tunawaletea maisha ya mtu aliyeujua mshumaa kuliko karibu wote waliomtangulia, naye ndiye pia aliyetufungulia njia ya umeme tunaoutumia leo. Jina lake ni Michael Faraday. Hakuwa Mkatoliki, lakini maisha yake yana mengi ya kuwafundisha waseminari na waamini wetu.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, kusini mwa London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye afya mbaya, na mara nyingi kazi ilimshinda. Mwaka 1801, chakula kilipokuwa ghali Uingereza, kijana Michael alipewa mkate mmoja wa kumtosha wiki nzima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipofika miaka 13 alitumwa kazi kwa George Riebau, muuza vitabu na fundi wa kuvijalidi, na mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake kwa miaka saba.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake. Kila kitabu kilicholetwa kujalidiwa alikifungua na kukisoma. Alisoma habari za umeme katika kamusi elezo, akasoma kitabu cha kemia cha Jane Marcet kilichoandikwa kwa ajili ya watu wasio wataalamu, kisha akajaribu kwa mikono yake yale aliyoyasoma, kwa senti chache alizokuwa nazo. Kaka yake Robert, mhunzi kama baba yao, alimlipia shilingi moja kwa kila mhadhara ili akasikilize habari za sayansi jioni. Tunawaomba waseminari wapatane na jambo hili: nyuma ya gwiji huyu yuko kaka aliyemlipia ada. Nyuma ya kila padre wetu pia wako ndugu wa namna hiyo.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa Taasisi ya Kifalme ya London. Faraday aliandika kila alichosikia, akachora vyombo alivyoviona, akayajalidi maandishi yake yakawa kitabu cha kurasa karibu 300, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Tarehe 1 Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Mshahara ulikuwa shilingi 25 kwa wiki, pamoja na vyumba viwili vya juu, makaa ya kupashia joto na mishumaa. Hivyo mtu aliyekuja kusaidia kuleta umeme majumbani alianza kazi akilipwa, kwa sehemu, kwa mishumaa.

Mwaka huohuo Davy alisafiri Ulaya akaenda naye. Njiani Faraday alilazimika kufanya pia kazi za mtumishi wa nyumbani, na mke wa Davy alimdharau kwa sababu ya uduni wa nasaba yake. Alivumilia. Huko Milano mwaka 1814 alikutana na mzee Alessandro Volta, Mkatoliki wa Como, ambaye mwaka 1800 aliutangazia ulimwengu betri ya kwanza. Kila betri inayowekwa leo katika mshumaa wa umeme ni mjukuu wa ile ya Volta. Waliporudi nyumbani mwaka 1815, Faraday alimsaidia Davy kutengeneza taa ya usalama kwa wachimba makaa ya mawe, ambao walikuwa wakifa kwa sababu mwali wa taa zao uliwasha gesi za mgodini. Tangu ujana wake, basi, Faraday aliuangalia moto kwa macho mawili: uzuri wake na hatari yake.

Mwezi Juni 1821 alimwoa Sarah Barnard. Hawakujaliwa watoto, lakini waliishi kwa upendo hadi kifo. Wote wawili walikuwa washiriki wa kanisa dogo la Wasandemani, Wakristo walioshika Biblia kwa uthabiti na kuona aibu kujilimbikizia mali. Faraday alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa mwaka 1840. Mwaka 1844 alitengwa kwa muda mfupi, akanyenyekea, akarudishwa. Baadaye, mwaka 1860, alichaguliwa tena kuwa mzee. Mara mbili alikataa kuwa rais wa Chama cha Kifalme cha wanasayansi, cheo ambacho wengi wangekililia.

Mwaka ule wa harusi, Faraday alionyesha kwamba umeme ukipita katika waya karibu na sumaku unaweza kuifanya waya izunguke. Huo ndio mwanzo wa mota. Miaka kumi baadaye, tarehe 29 Agosti 1831, alizungushia waya mbili katika pete ya chuma na kuona kwamba umeme ukianza au ukikoma katika waya moja, nyingine nayo hustuka kwa umeme. Mwezi Oktoba alizungusha sahani ya shaba katikati ya sumaku, na umeme ukatoka mfululizo. Mitambo ya Kidatu na Mtera, inayozungushwa na maji, hufuata kanuni hiyohiyo.

Lakini hakuuacha mshumaa. Kila Noeli, Taasisi ya Kifalme iliwaalika vijana kusikiliza mihadhara, na mara mbili, mwaka 1848 na 1860, Faraday aliwafundisha juu ya kitu kimoja tu: mshumaa. Mihadhara ya mara ya pili ilikuwa sita, naye alikuwa na miaka 69. William Crookes aliichapisha mwaka 1861, na tangu hapo kitabu hicho kimesomwa kwa lugha nyingi.

Aliwaonyesha nini? Kwanza, kwamba nta huyeyuka, huzuiwa na ukingo wa kikombe kidogo kinachojitengeneza juu ya mshumaa, kisha hupanda katika utambi kama maji yapandavyo katika kitambaa. Pili, kwamba kinachowaka ni mvuke wa nta wenyewe. Katikati ya mwali, karibu na utambi, kuna giza: hapo ni mvuke usiowaka bado. Juu yake kuna sehemu angavu ya njano, na mwangaza wake hutoka katika chembe ndogo za masizi zinazong'aa kwa joto. Yaani uchafu uleule unaotia weusi dari ndio unaotupa mwanga, ukipitishwa motoni. Tatu, kwamba mshumaa huvuta hewa na kutoa maji na kabonidioksaidi, kama sisi tunavyopumua. Mwishoni aliwaasa vijana wawe kama mshumaa, wawaangazie wenzao kwa matendo yao.

Mwaka 1847 padre mmoja wa shirika la Mtakatifu Yosefu Calasanz, Padre Michele Bancalari, mwalimu wa fizikia huko Genoa, aligundua kwamba mwali wa moto husukumwa na sumaku yenye nguvu. Faraday alipopata habari alirudia jaribio hilo, akathibitisha, na kulipanua kwa gesi mbalimbali. Hakumdharau padre yule kwa imani yake, wala padre hakuhitaji kibali cha mtu kuuchunguza ulimwengu wa Mungu.

Sasa turudi Kariakoo. Mtu anayebuni mshumaa wa umeme unaofanana na wa kweli analazimika kuwa mwanafunzi wa Faraday. Rangi lazima iwe ya njano yenye wekundu, kama chembe zile za masizi, na si nyeupe kama taa ya ofisini. Mwanga uwe mkali katikati na hafifu karibu na utambi. Na mwendo uwe wa kweli. Katika hewa tulivu mwali wa mshumaa husimama karibu bila kutikisika. Huyumba pale upepo wa mlango, pumzi ya mtu au joto linalopanda vinapouvuruga, kisha hutulia. Mishumaa ya bei rahisi hukosea hapo: taa yake ndogo ya LED ina kidude cha kielektroniki kinachoupandisha na kuushusha mwanga bila kupumzika, ukadhani mshumaa una homa. Ile bora ina kipande chembamba cha plastiki chenye umbo la mwali, kimening'inizwa katika waya mwembamba, na chini yake kimebandikwa sumaku ndogo. Ndani ya mshumaa kuna koili ya waya. Umeme ukipita humo kwa vipindi visivyo sawa, sumaku husukumwa na mwali hupepea, huku taa ikiumulika kutoka chini. Umeme unaosukuma sumaku: ni jambo lilelile la mwaka 1821, limewekwa juu ya meza ya jumuiya.

Mwaka 1836 Faraday alipewa kazi ya kuishauri Trinity House, taasisi inayosimamia minara ya taa za baharini, akaifanya kwa miaka karibu 30. Wakati huo minara iliwashwa kwa mafuta, na mvuke wa taa uliziba vioo. Alibuni bomba la kuutoa nje, na hakutafuta faida kwa ajili yake mwenyewe. Mwezi Desemba 1858 taa ya umeme ilijaribiwa katika mnara wa South Foreland, ikipata nguvu kutoka kwa mashine iliyofuata ugunduzi wake. Februari 1860, njia zikiwa zimezibwa na theluji, mzee huyu alivuka mashamba na kuta kwa miguu ili aikague. Alipima mwanga wake, ukawaka bila kuzimika, akaupendekeza. Alitaka kujua kama baharia ataiona pwani. Hakuona kuwa heshima ya moto wa kale imepotea kwa sababu moto mpya unaokoa watu.

Hapo ndipo tunapopata mwanga juu ya swali letu, ingawa jibu la liturujia tunalipokea kwa Kanisa. Mwongozo wa Jumla wa Misale ya Roma unataka mishumaa altareni, na taa ya tabernakulo iwe ya mafuta au nta. Kanuni 940 inaagiza taa hiyo iwake daima. Waraka wa Roma wa mwaka 1988 kuhusu adhimisho la Pasaka unasema Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, usiwe wa bandia kamwe. Sababu yake hata Faraday angeielewa. Mshumaa wa nta hujitoa. Unaliwa na mwanga wake wenyewe, unapungua kadiri unavyoangaza, na mwisho unakwisha. Ule wa umeme haupungui. Betri ikiisha tunabadilisha. Unaweza kuiga mwali, lakini hauwezi kuiga sadaka. Kwa hiyo mwanakamati wa liturujia asishawishike kuuweka altareni kwa sababu haudondoshi nta kwenye kitambaa.

Nyumbani hali ni nyingine. Sala ya jumuiya katika chumba chenye watoto, au kando ya kitanda cha mgonjwa anayepumua kwa oksijeni, si mahali pa kushindania utambi. Uhai wa mtoto una thamani kuliko ishara. Mama anayewasha mshumaa wa betri na kusali rozari kwa moyo wote hajamdanganya Mungu wala mtu, maana kila aliyepo anajua ni taa. Tunamshauri tu ahakikishe kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, kwa kuwa betri ndogo za duara zikimezwa na mtoto huunguza koo na tumbo; hatari ya moto isigeuke hatari nyingine.

Na waseminari wenye kipaji cha ufundi tunawatia moyo. Vifaa vya kazi hii vinapatikana Kariakoo. Kuketi na koili, sumaku na betri, ukauchunguza mwali wa kweli hadi ujue unavyosimama na unavyoyumba, ni namna ya kutafakari uumbaji.

Faraday aliishi miaka yake ya mwisho Hampton Court, katika nyumba aliyopewa na Malkia Victoria mwaka 1858. Kumbukumbu zake zilififia polepole. Tarehe 25 Agosti 1867 alifariki akiwa ameketi kitini mwake, akazikwa katika makaburi ya Highgate kwa ibada ya kawaida, chini ya jiwe lisilo na mapambo. Alikuwa ameangaza hadi nta ikaisha. Tumwombe Mungu atujalie nasi kuisha namna hiyo.