Otto Loewi, mkimbizi aliyegundua lugha ya mishipa ya fahamu

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi 1938, vijana wenye silaha waliingia kwa nguvu katika nyumba moja ya mji wa Graz, nchini Austria, hadi chumba cha kulala. Walimtoa kitandani mzee wa miaka 64, wakampeleka gerezani. Watoto wake wawili wa kiume nao wakakamatwa. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa Myahudi, na watu wa Hitler walikuwa wanashika nchi. Raia wa Uvira, wa Fizi na wa uwanda wa Ruzizi hawana haja ya kuelezwa usiku wa namna hiyo unavyokuwa.

Mzee huyo aliitwa Otto Loewi. Chini ya miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Gerezani aliamini kwamba atauawa, na kilichomsumbua ni majaribio yake ya mwisho, ambayo matokeo yake hayakuwa yamechapishwa. Aliomba postikadi na kalamu, akayaandika kwa ufupi ili yatumwe kwa jarida la sayansi, akamsihi mlinzi aitie postani. Mlinzi akakubali. Ndipo roho yake ikatulia kidogo.

Loewi alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 3 Juni 1873, baba yake akiwa mfanyabiashara wa mvinyo. Kijana alipenda historia ya sanaa. Familia ikamsukuma kwenye udaktari. Alipomaliza masomo alifanya kazi hospitalini, akaona wagonjwa wa kifua kikuu na wa nimonia wakifa mmoja baada ya mwingine bila dawa ya kuwasaidia. Akaacha wodi, akaingia maabara. Mwaka 1909 alipata uprofesa huko Graz.

Zama hizo wataalamu walibishana juu ya swali hili: mshipa wa fahamu unapouambia moyo upunguze mwendo, unautumia nini? Wengi walidhani ni umeme tu. Loewi alishuku kuna kemikali, lakini hakujua namna ya kuthibitisha. Usiku mmoja wa siku za Pasaka aliota jaribio lenyewe. Akaamka, akaandika kwenye kikaratasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kusoma alichoandika! Usiku uliofuata ndoto ikarudi, saa tisa za usiku. Safari hii hakungoja kalamu; alikwenda maabara moja kwa moja.

Alichukua mioyo miwili ya chura, ikiendelea kupiga ndani ya maji ya chumvi. Aliuchokoza mshipa wa moyo wa kwanza, moyo ukapunguza mwendo. Kisha akachota yale maji, akayatia kwenye moyo wa pili, ambao haukuguswa na mshipa wowote. Nao ukapunguza mwendo. Basi kulikuwa na kitu ndani ya maji. Alitangaza matokeo mwaka 1921, na miaka iliyofuata ikabainika kwamba kitu hicho ni asetilikolini, kemikali ambayo rafiki yake Mwingereza, Henry Dale, alikuwa ameichunguza kabla ya hapo. Wawili hao waligawana Nobel mwaka 1936.

Mwaka 1926, pamoja na msaidizi wake Navratil, Loewi alionyesha jambo jingine: mwilini mna kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini mara inapomaliza kazi, na dawa iitwayo fizostigimini hukizuia kimeng'enya hicho. Fizostigimini hutoka katika haragwe la Calabar, Nigeria. Huko watu walioshukiwa uchawi walinyweshwa haragwe hilo kama mwavi: anayetapika ni mwema, anayekufa ni mchawi.

Wanazi walimwachilia Loewi baada ya miezi miwili hivi, lakini hakuruhusiwa kuondoka mpaka alipohamisha fedha zake za Nobel kutoka Stockholm hadi benki waliyoishika wao. Alitoka mikono mitupu. Mke wake, Guida, alizuiliwa nyuma, wakakutana tena mwaka 1941. Katikati Loewi alipita Brussels, akifundisha kwenye kiti cha Francqui, jina ambalo wazee wa Kongo wanalikumbuka kwa Port-Francqui, Ilebo ya leo. Akaenda Oxford, halafu mwaka 1940 New York. Cheti cha afya alichobeba kilisema ni mtu aliyezeeka akili, asiyeweza kujitafutia riziki. Afisa wa uhamiaji akamruhusu kuingia hata hivyo. Mzee huyo alifanya kazi chuo kikuu cha New York miaka mingi baada ya hapo, na akafariki tarehe 25 Desemba 1961.

Kimeng'enya chake kinatugusa hapa kwetu kwa njia mbili. Dawa nyingi za kuua wadudu shambani, zile za jamii ya oganofosfeti, hukizuia kabisa. Asetilikolini hujaa mwilini: mate na machozi humwagika, mboni za macho husinyaa, mwili hutetemeka, degedege hufuata, pumzi hukatika. Anayepuliza nyanya bila kujifunika akianza dalili hizo avuliwe nguo, aoshwe, apelekwe hospitali haraka, maana atropini ipo kwa ajili hiyo.

Njia ya pili ni uzee. Kati ya 1976 na 1977, watafiti wa Uingereza waligundua kwamba ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer umepungukiwa sana na uwezo wa kutengeneza asetilikolini. Dawa za leo, kama donepezili na rivastigimini, hukizuia kimeng'enya kwa kiasi. Haziponyi, bali huwapa wengine muda wa kukumbuka. Rivastigimini ni mjukuu wa lile haragwe la mwavi.

Katika Kivu ya Kusini, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Bibi anayepotea njia ya nyumbani, anayezunguka usiku au kuita majina ya waliokufa hunyoshewa kidole upesi kuliko anavyopelekwa kwa daktari. Na daktari, kabla ya kutaja Alzheimer, hutafuta kwanza vinavyovuruga akili ya mzee na vinavyotibika: malaria, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, ugonjwa wa tezi ya shingo, hata vidonge vya usingizi au vya mzio, ambavyo baadhi yake huzuia asetilikolini ileile.