ABU RAIHAN AL-BIRUNI: MWANACHUONI ALIYEITWA MTU WA NJE





Ndugu zetu wanafunzi pamoja na wazazi, katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea maisha ya Sahaba au ya imamu wa fiqhi. Safari hii tumemchagua mwanachuoni wa falaki na hisabati. Sababu yake tutaisema, ijapokuwa inatuaibisha kidogo.

Darasa la juzuu alijiunga kijana aliyehamia na wazazi wake kutoka bara. Matamshi yake yalikuwa ya kwao. Herufi ain ikimtoka kama alifu, na maneno mengine ya Kiswahili akiyavuta kwa namna ambayo wenzake hawakuizoea. Wakampa jina la Mshenzi. Sisi walimu tulilisikia tukatabasamu, tukaona ni utani wa watoto. Kijana akakaa wiki tatu bila ya kuja. Tulipokwenda kwao kumuulizia, baba yake alitukaribisha vizuri, akatuletea chai, wala hakulalamika. Alituuliza jambo moja tu: hilo jina mwanawe amelipata njiani au darasani? Tulikosa la kumjibu, na chai ile ilitushinda kuimaliza.

Usiku ule tukakumbuka habari za Al-Biruni, ambazo tulizisoma zamani tukiwa wanafunzi.

Jina lake kamili ni Abu Raihan Muhammad bin Ahmad. Alizaliwa mwezi wa Dhulhijja mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973, katika nchi ya Khwarazm, kusini ya bahari ya Aral. Mji mkuu wa nchi hiyo siku zile ukiitwa Kath, na mahali pake leo pamo ndani ya Uzbekistan. Yeye hakuwa mtoto wa ndani ya mji. Birun kwa Kiajemi maana yake ni nje, na wanachuoni wa nasaba wameeleza kwamba watu wa kule walimwita hivyo mtu aliyetoka viungani, nje ya kuta za mji. Kwa hiyo jina ambalo dunia nzima inamjua kwalo hadi leo ni sawa na kusema mtu wa nje. Tunadhani si ajabu kwamba mtu mwenye jina hilo ndiye aliyekuja kuandika vizuri kuliko wengi habari ya watu wanavyowatazama wageni.

Alibahatika kupata mwalimu mwema, Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo wa watawala na bingwa wa hisabati, ambaye hakujali kwamba mwanafunzi wake ametoka viungani. Lugha ya mama yake ilikuwa Kikhwarazm. Kiarabu na Kiajemi alijifunza, na katika kitabu chake cha dawa, alichokiandika uzeeni, anakiri kuwa ni mgeni katika lugha zote mbili. Kuhusu Kikhwarazm anafanya mzaha kidogo: elimu ikiandikwa kwa lugha hiyo itashangaza mithili ya twiga katikati ya farasi wa Kiarabu.

Mwaka 995 amiri wa Gurganj aliuteka mji wa Kath na mtawala wake akauawa. Al-Biruni, akiwa na miaka 22 hivi, akakimbia. Alifika Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo, akaishi maisha ya dhiki. Mwaka 997 alikuwa tena Kath, na mwezi ulipopatwa aliutazama yeye kule wakati mwanachuoni Abul-Wafaa akiutazama kutoka Baghdad, kwa makubaliano yao. Kwa kulinganisha saa walizoziandika walijua miji hiyo miwili imeachana kiasi gani mashariki na magharibi. Baadaye akaenda Jurjan kwa amiri Qabus, na huko karibu mwaka 1000 akaandika kitabu kikubwa juu ya kalenda za mataifa: Waajemi, Mayahudi, Wakristo wa madhehebu mbalimbali, Waarabu wa zama za ujahilia, na Waislamu. Kila taifa akaeleza linavyohesabu siku zake na kwa sababu gani linazienzi sikukuu zake. Alikuwa bado hajafika miaka 30.

Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm. Wanachuoni wa nchi wakachukuliwa kwenda Ghazna, katika Afghanistan ya leo, na Al-Biruni akiwa mmoja wao, umri wake miaka 44. Kama alikuwa mateka au mtumishi wa Sultan, wanahistoria bado wanajadiliana. Inavyoonekana alikuwa baina ya mawili hayo.

Sultan Mahmud alikuwa akipeleka majeshi Bara Hindi mara kwa mara. Mwaka 1026 jeshi lake lilivunja hekalu la Somnath, kwenye pwani ya Gujarat. Katika nchi ambayo farasi wa Sultan walipita na kurudi na mali, Al-Biruni aliingia na kalamu. Alikaa sehemu za Punjab, akapima nafasi za miji kama Lahore na Multan, na kwenye ngome ya Nandana akatumia kimo cha mlima na pembe ya upeo wa macho kukadiria ukubwa wa dunia, akapata jibu linalokaribia sana la leo. Lakini kazi yake kubwa huko ilikuwa kuwajua watu. Alianza kujifunza Kisanskriti akiwa amekwishapita miaka 40. Nyinyi mnaosema nahau imekushindeni mkiwa na miaka 14, lisikilizeni hilo.

Anasimulia jinsi ilivyokuwa taabu. Kitu kimoja kina majina mengi, na jina moja lina vitu vingi. Ndani yake mna sauti ambazo ulimi wa watu wa kwao hauziwezi na masikio yao hayazipambanui. Aliweza kuchukua neno kutoka kinywani mwa mwenyeji, akaliandika kwa uangalifu wote, na alipolirudia mbele yao wasimfahamu. Tuliposoma hapo tulimkumbuka kijana wetu na ain yake.

Kitabu alichokitoa kinajulikana kama Kitabu cha Hindi, nacho kina milango 80. Alikimaliza karibu mwaka 1030, muda mfupi baada ya kufa Sultan Mahmud. Katika utangulizi anaeleza kilichomsukuma. Palikuwa na mazungumzo baina yake na mwanachuoni mmoja kuhusu mtu aliyeandika juu ya kundi la Muutazila na kulizulia maneno ambayo wenyewe hawayasemi. Angalieni alipoanzia: hakuanza na Wahindu, alianza na Waislamu wanavyosingiziana wao kwa wao. Kama mtu anaweza kupotoa maneno ya jirani yake wanayeswali safu moja, akaona, itakuwaje kwa watu wa mbali ambao hakuna anayejua lugha yao? Akaegemea aya ya Suratun-Nisaa inayotuamrisha kutoa ushahidi wa haki hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu. Akaahidi kuwa kitabu chake si cha mabishano, bali atayaeleza maneno ya watu kama wao wenyewe wanavyoyaeleza.

Mlango wa kwanza ndio uliotufanya tumchague. Hapo anauliza kwa nini Waislamu na Wahindu hawafahamiani. Lugha ni sababu moja. Kisha anasema Wahindu humwita kila asiyekuwa wao mleccha, yaani najisi, hawali naye, hawakai naye, wala hawamkaribishi hata akitaka kuingia katika jamii yao. Mavazi na desturi za Waislamu huzitumia kuwatishia watoto wao. Anasema pia kwamba wanaamini hakuna nchi ila yao, hakuna wafalme ila wao, wala elimu ila yao. Ukiwatajia mwanachuoni aliyeko Khurasani au Uajemi, watakuona mjinga na mwongo. Mababu zao, anasema, hawakuwa hivyo. Mnajimu wao wa kale Varahamihira aliwafundisha kuwaheshimu Wayunani kwa elimu yao ingawa aliwahesabu najisi.

Mwandishi mwingine angeishia hapo, wasomaji wake Waislamu wakafurahi. Al-Biruni akaongeza mambo mawili yasiyofurahisha. La kwanza, kwamba kumdharau mgeni si tabia ya Wahindu peke yao. Sisi pia tunayo, na mataifa yote wanayo, kila moja kwa mwenzake. La pili, kwamba chuki ile imezidishwa na vita vya Sultan. Akaandika kuwa Mahmud aliiharibu neema ya nchi ile, watu wake wakatawanyika kama vumbi, waliobaki wakawachukia Waislamu kwa chuki kubwa, na elimu zao zikakimbilia Kashmir na Banaras ambako mkono wa majeshi haukufika. Aliyaandika haya akiishi Ghazna, mji uliotajirika kwa mali ya vita hivyo hivyo, ufalme ukiwa mikononi mwa watoto wa Mahmud. Huo ndio ushahidi dhidi ya nafsi yake.

Alipokaa na wanajimu wa Kihindu mara ya kwanza alikaa mbele yao kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, kwa kuwa alikuwa mgeni wa mambo yao. Alipokwisha kuyajua akaanza kuwaonyesha hoja za hisabati, nao wakastaajabu, wakamuuliza amesoma kwa mwalimu gani wa Kihindu. Hawakuweza kudhani kuwa kunaye mwalimu mwingine. Hata hivyo hakuwakimbia. Alifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali, na akashughulika kuwafasiria kwa Kisanskriti kitabu cha handasa cha Euclid.

Kuhusu dini yao alipambanua baina ya wasomi na watu wa kawaida. Wasomi wao, anasema, wanamtaja Mungu mmoja asiye na mwanzo wala mwisho, na masanamu ni ya wasiosoma. Halafu anawageukia Waislamu: hata kwetu, mtu asiyesoma akipewa picha ya Al-Kaaba ataibusu na kujipangusa nayo uso kama kwamba ameshafika kuhiji. Isifahamike kuwa alikubali ibada ya masanamu. Alikuwa Muislamu, na makosa ameyaita makosa. Alipotaja desturi zao zilizomchukiza, alikumbusha kuwa Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na machafu makubwa zaidi.

Yeye naye hakusalimika moja kwa moja. Mahali pamoja anazifananisha elimu za Wahindu na lulu zilizochanganyika na samadi, maneno ambayo mwenyeji akiyasoma yatamuuma. Tunalitaja hili kwa kuwa tumejifunza kwake kutaja la upande wetu pia.

Kuna jambo dogo katika kitabu hicho linalotugusa sisi wa mwambao. Anaeleza kuwa Somnath ulipata umaarufu kwa sababu ilikuwa bandari ya mabaharia waliokwenda na kurudi baina ya China na Sofala katika nchi ya Zanji. Sofala hiyo iko katika pwani ya Msumbiji ya leo, na nchi ya Zanji ni mwambao wetu huu. Basi wazee wetu walikuwa ndani ya dunia aliyoiandika. Na baadhi ya waandishi wa Kiarabu na Kiajemi wa zama hizo waliwaelezea Wazanji kwa dharau tupu, bila ya kuwauliza wao wenyewe neno. Sisi tulioandikwa hivyo tulipopata miji yetu ya mawe na misikiti yetu, tukajiita waungwana. Tukaunda neno ustaarabu kutokana na jina la Waarabu, na aliyetoka bara tukamwita mshenzi. Mleccha yetu ndiyo hiyo. Kijana aliyeitwa hivyo darasani hakukosa elimu kuliko wenzake. Alikosa matamshi ya mtaa huu tu. Amerudi, alhamdulillahi, na jina lile limekatazwa, walimu wakiwa wa kwanza kukatazwa.

Al-Biruni hakuacha kazi hadi mwisho. Alimtungia Sultan Masud, mtoto wa Mahmud, kitabu kikubwa cha falaki, na inasimuliwa kwamba Sultan alimpelekea mzigo wa fedha uliobebwa na tembo, naye akaurudisha kwa kuwa hakuuhitajia. Alifariki Ghazna karibu mwaka 440 Hijria, yaani 1048, akiwa na umri wa miaka 75 hivi.

Imepokewa kutoka kwa faqihi Abul-Hasan Al-Walwaliji kwamba alimzuru akiwa katika sakarati, pumzi inapanda na kushuka. Mgonjwa alipomwona alimkumbusha mas-ala ya faraidh waliyowahi kuzungumza, kuhusu mirathi ya mabibi, akamtaka amweleze tena. Faqihi alimwonea huruma, akamuuliza kama hali ile ni ya kusoma. Akamjibu kuwa ni bora aiage dunia akiijua mas-ala ile kuliko kuiaga haijui. Basi faqihi akamweleza, naye akairudia mpaka akaihifadhi, kisha mgeni akaaga. Alikuwa bado yuko njiani aliposikia kilio kinatoka katika nyumba ile.