Joseph Priestley: mwalimu aliyefukuzwa kwa moto

Tarehe 16 Julai mwaka 1791, kundi la watu wenye hasira liliingia Washwood Heath, wakati huo eneo la mashamba nje ya mji wa Birmingham, na kuiteketeza nyumba ya William Hutton, muuza vitabu na mwandishi wa historia ya mji huo.

Hutton hakuwa mlengwa wa kwanza. Fujo zilizofika mlangoni kwake zilikuwa zimeanza siku mbili kabla, na aliyetafutwa hasa alikuwa mtu mwingine: Joseph Priestley, mhubiri, mwalimu na mmoja wa wanasayansi mashuhuri wa karne ya 18.

Leo Washwood Heath ni mtaa wenye wakazi wengi mashariki mwa Birmingham, wengi wao wakiwa na asili ya Pakistan. Katika shule za msingi za mtaa huo, kama ilivyo kwingineko nchini, sayansi ni somo la lazima tangu mtoto anapoanza mwaka wa 1 hadi anapomaliza mwaka wa 6. Mtaala wa taifa uliochapishwa mwaka 2013 uliweka mahitaji ya mimea, hewa ikiwemo, katika mwaka wa 3, gesi na mizunguko ya umeme katika mwaka wa 4, na kuungua kwa vitu katika mwaka wa 5.

Hewa, mimea, umeme na moto: hayo ndiyo mambo ambayo Priestley aliyatumia maisha yake kuyachunguza na kuyafundisha.

Mtoto wa fundi wa vitambaa

Priestley alizaliwa mwezi Machi mwaka 1733 huko Birstall, karibu na Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kumalizia vitambaa vya sufu. Mama yake alifariki dunia Joseph akiwa bado mtoto mdogo, naye akalelewa na shangazi yake, Sarah Keighley.

Familia hiyo ilikuwa miongoni mwa Waprotestanti waliokataa kufuata Kanisa rasmi la Uingereza. Msimamo huo ulikuwa na gharama. Mtu wa aina yao hakuweza kusajiliwa Chuo Kikuu cha Oxford, wala kutunukiwa shahada Cambridge, na sheria zilimfungia nyadhifa nyingi za umma.

Waumini hao walijibu kwa kuanzisha vyuo vyao wenyewe. Mwaka 1752 Priestley alijiunga na kimoja, huko Daventry. Kufikia hapo alikuwa amekwisha jifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, na alikuwa amegusa pia Kiarabu.

Alikuwa na kigugumizi kilichomsumbua hadi uzeeni. Hata hivyo alichagua kazi mbili zinazomtegemea mtu kusema mbele ya wenzake, uhubiri na ualimu.

Darasa la Nantwich

Mwaka 1758 alihamia mji mdogo wa Nantwich na kufungua shule. Alikuwa na wavulana wapatao 30, na katika chumba cha pembeni wasichana wasiozidi sita hivi. Masomo yalianza saa moja asubuhi na kuendelea hadi saa kumi jioni, kukiwa na mapumziko ya saa moja tu kwa ajili ya chakula.

Mshahara ulipomruhusu kuweka akiba, hakununua samani wala nguo. Alinunua vitabu, pampu ndogo ya hewa na mashine ya kuzalisha umeme kwa msuguano.

Vifaa hivyo hakuvifungia kabatini. Aliwafundisha wanafunzi wa darasa la juu namna ya kuvitunza na kuvitumia. Kisha aliwaalika wazazi na marafiki waje kutazama majaribio, na mara nyingi walioyaendesha walikuwa wanafunzi wenyewe. Wakati mwingine hata maelezo yalitolewa na wao.

Katika enzi ambayo shule nyingi ziliwakaririsha watoto Kilatini kwa fimbo, hilo lilikuwa jambo la pekee. Mtoto wa fundi au wa mfanyabiashara aliweza kusimama mbele ya watu wazima na kuwaeleza kwa nini cheche imeruka.

Mwaka 1761 Priestley alihamia chuo cha Warrington, na mwaka 1762 akamwoa Mary Wilkinson, dada wa mwenye viwanda vya chuma John Wilkinson. Mwaka 1765 alichapisha insha akitaka vijana wasiokusudia kuwa makasisi wafundishwe historia ya karibuni, sheria na biashara. Mwaka huohuo alikutana London na Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa elimu ya umeme. Kwa kutiwa moyo naye, aliandika historia ya umeme iliyochapishwa mwaka 1767. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chepesi cha umeme kwa wanaoanza.

Mshumaa na mnanaa

Akiwa mhubiri mjini Leeds, Priestley aliishi jirani na kiwanda cha pombe. Huko aliona kuwa juu ya mapipa yanayochachuka kulikuwa na hewa nzito inayozima moto, ile ambayo leo watoto huiita kabonidayoksaidi. Aligundua namna ya kuiyeyusha katika maji, na mwaka 1772 akachapisha maelekezo yake kwa umma. Wengine, akiwemo Jacob Schweppe, ndio waliokuja kutajirika kwa maji ya soda.

Jaribio lake linalokumbukwa zaidi na walimu lilifanyika mwezi Agosti mwaka 1771. Aliwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofungwa hadi ukazimika wenyewe. Tarehe 17 aliingiza humo kijiti kibichi cha mnanaa. Siku kumi baadaye, mshumaa mwingine uliweza kuwaka katika hewa ileile.

Mmea ulikuwa umeitengeneza upya hewa iliyoharibiwa na moto. Hakujua bado kwamba mwanga wa jua ndio unaoiwezesha kazi hiyo. Hilo lilionyeshwa na daktari Mholanzi, Jan Ingenhousz, mwaka 1779. Hata hivyo mlango wa kile kinachoitwa leo usanisinuru ulikuwa umefunguliwa.

Tarehe 1 Agosti mwaka 1774, akiwa katika utumishi wa Lord Shelburne, ambaye wanawe aliwasimamia masomo, alielekeza miale ya jua kwa lenzi kubwa juu ya unga mwekundu wa zebaki. Hewa iliyotoka ilifanya mshumaa uwake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwaka uliofuata alibaini kwamba panya aliyefungiwa ndani ya hewa hiyo aliishi muda mrefu kuliko katika hewa ya kawaida.

Ilikuwa oksijeni. Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa ameipata kabla yake, lakini Priestley alitangulia kuchapisha. Jina lenyewe lilitolewa na Mfaransa Antoine Lavoisier, aliyeeleza kwa usahihi nafasi ya gesi hiyo katika kuungua.

Hapa ndipo penye kasoro kubwa ya Priestley. Aliamini kwamba kila kinachoungua hutoa kitu kiitwacho flojistoni, na aliitetea nadharia hiyo hata baada ya wanakemia wengi kuiacha. Mtu aliyewataka watoto wayaamini macho yao alishindwa kuona maana kamili ya kile alichokuwa amekiona mwenyewe.

Birmingham na siku za moto

Mwaka 1780 alihamia Birmingham kuongoza kanisa la New Meeting, na kujenga maabara katika nyumba yake ya Fair Hill, Sparkbrook. Alijiunga na Jumuiya ya Mwezi, kikundi cha marafiki waliokutana karibu na usiku wa mbalamwezi ili wapate mwanga wa kurudia nyumbani. Miongoni mwao walikuwa James Watt, Matthew Boulton na Erasmus Darwin.

Birmingham ilitajirika kwa chuma, na sehemu ya chuma hicho ilikuwa bunduki zilizouzwa Afrika katika biashara ya watumwa. Mwaka 1788 Priestley alitoa mahubiri ya kuilaani biashara hiyo, katika mji ambao baadhi ya wakubwa wake walinufaika nayo.

Mwaka 1790, katika dibaji ya toleo jipya la kazi zake juu ya hewa, alisikitika kwamba sayansi ilikuwa karibu haimo kabisa katika elimu ya nchi yake. Alishauri watoto wazoeshwe mapema kuona majaribio na kuongozwa kuyagundua upya, wao wenyewe, mambo yaliyokwisha gunduliwa na wengine.

Lakini maadui walikuwa wakiongezeka. Aliukana Utatu Mtakatifu, alidai haki sawa kwa wasiofuata Kanisa la taifa, na aliyaunga mkono mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 14 Julai mwaka 1791 watu zaidi ya 80 walikusanyika hotelini kwa chakula cha kuadhimisha kuanguka kwa gereza la Bastille. Priestley hakuhudhuria. Hilo halikumwokoa.

Usiku huo umati ulichoma kanisa lake, ukabomoa kanisa jirani, kisha ukaelekea Fair Hill. Yeye na mkewe walikuwa wamekimbia muda mfupi kabla. Masimulizi ya wakati huo yanaeleza kwamba mioto yote ya nyumbani ilikuwa imezimwa, na wavamizi wakajaribu kupata cheche kutoka mashine yake ya umeme. Hatimaye moto ulipatikana. Maktaba, maabara na maandishi ya miaka mingi yaliangamia.

Siku zilizofuata nyumba nyingine zilifuata, ikiwemo ya Hutton huko Washwood Heath. Hutton alikuwa ameanza kazi katika kiwanda cha hariri akiwa na umri wa miaka saba, na alijielimisha mwenyewe. Alichukiwa kwa imani yake na pia kwa kuwa hakimu wa mahakama ya madeni madogo.

Uhamishoni

Priestley hakurudi tena kuishi Birmingham. Alifundisha kwa muda katika chuo cha Hackney, London, lakini hata huko alitengwa, na baadhi ya wanasayansi wenzake walimkwepa. Mwezi Aprili mwaka 1794, akiwa na umri wa miaka 61, alipanda meli kwenda Marekani. Mwezi uliofuata Lavoisier, mpinzani wake wa hoja, alikatwa kichwa mjini Paris.

Alikaa Northumberland, katika jimbo la Pennsylvania, mbali na miji mikubwa. Mwanawe Henry alifariki mwaka 1795, na mkewe mwaka 1796. Alijenga maabara nyingine, akaendelea kuandika, na alipoombwa na Thomas Jefferson alitoa ushauri kuhusu chuo kikuu kilichokusudiwa kujengwa Virginia. Alifariki tarehe 6 Februari mwaka 1804.

Mji uliomfukuza ulichukua miaka 83 tangu usiku ule wa moto kumheshimu hadharani. Tarehe 1 Agosti mwaka 1874, karne moja kamili baada ya jaribio la oksijeni, sanamu yake ilizinduliwa Birmingham na mwanasayansi Thomas Huxley. Inamwonyesha akiwa ameshika lenzi. Nakala yake ya shaba ipo katika uwanja wa Chamberlain, katikati ya jiji.

Kumbukumbu yake iliyo hai zaidi haiko uwanjani bali darasani. Jaribio lake halidai mashine ya gharama. Chupa ya kioo, kipande cha mshumaa na kijiti cha mnanaa hupatikana Washwood Heath, Mwanza au Mombasa. Kinachokosekana mara nyingi, leo kama mwaka 1758, ni mwalimu aliyepewa nafasi ya kumwachia mtoto avishike mwenyewe.