Swynnerton: Bwana Nyama aliyeifanya Shinyanga kuwa shule ya mbung'o

Kuna aina moja ya mbung'o ambayo dunia nzima inapatikana katika nchi mbili tu, Tanzania na Kenya. Anaishi kwenye pori kavu la miiba, kaskazini mwa Tanzania hadi Serengeti, na kuvuka mpaka kuingia Maasai Mara. Wataalamu humwita Glossina swynnertoni. Nusu ya pili ya jina hilo ni ya mtu aliyefanya kazi Shinyanga, Charles Francis Massy Swynnerton. Wasikilizaji wetu wa Kenya wakisikia jina hilo huenda wakamkumbuka Swynnerton mwingine, yule wa mpango wa mwaka 1954 uliohusu hatimiliki za mashamba. Huyo alikuwa Roger, mtoto wake. Makala hii inamhusu baba.

Swynnerton alizaliwa Uingereza mwaka 1877. Baba yake alikuwa kasisi wa jeshi huko India, na sehemu ya utoto wake aliimalizia huko. Akiwa kijana wa miaka 20 hivi alikwenda Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, akawa msimamizi wa shamba karibu na msitu wa Chirinda, hatua chache kutoka mpaka wa Msumbiji. Alikuwa mtu wa kuchunguza kila kitu: ndege, vipepeo, miti. Yupo ndege mdogo wa msituni mwenye jina lake, anayeishi Zimbabwe, Msumbiji na milima ya mashariki mwa Tanzania.

Mwaka 1918 kampuni ya Kireno iliyokuwa ikitawala upande wa pili wa mpaka ilimtaka achunguze kwa nini mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe katika eneo la Mossurise. Alipouliza wazee wa huko, walimpa habari ambayo hakuwahi kuisoma mahali popote. Zamani, katika enzi za Mzila, mfalme wa Gaza, nchi ile ilijaa ng'ombe. Mzila alikuwa amewahamisha watu wake kwa wingi na kuwaweka ndani ya pori la mbung'o. Walifyeka, walilima, waliwinda, na mbung'o wakatoweka. Mwaka 1889 mwanawe, Gungunhana, aliwachukua watu akahamia kusini. Pori likarudi, wanyamapori wakarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nao.

Ili kuelewa kwa nini habari hiyo ilikuwa kubwa, inabidi kumjua mdudu mwenyewe. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wa nyumbani. Jike huzaa buu mmoja tu kwa wakati, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Buu huyo hujichimbia kwenye udongo wenye kivuli na kukaa humo kama mwezi mzima kabla ya kutoka akiwa na mabawa. Dume na jike wote hunyonya damu. Kwa hiyo wanahitaji mambo mawili: mnyama wa kumnyonya, na kivuli cha kupumzika na kuzalia. Ukiondoa kivuli umemwondolea nyumba. Watu wa Mzila walikuwa wamefanya hivyo bila maabara yoyote.

Mwaka 1919, baada ya Waingereza kuichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, Swynnerton aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori. Cheo hicho watu walikiita Bwana Nyama. Nchi aliyoikuta Usukuma ilikuwa na jeraha la zamani. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na wanyamapori kwa wingi, njaa ikafuata, watu wakahama. Mashamba na malisho yaliyoachwa yakageuka vichaka vya miiba. Wanyamapori walipoongezeka tena, mbung'o walikuwa na nyumba mpya. Kila mwaka walisogea, na wafugaji wakabanwa katikati na mifugo yao.

Mwaka 1922 malale yalizuka mashariki ya Mwanza, upande wa Maswa. Watu walikuwa wanakufa. Tanganyika haikuwa na mtaalamu wa ugonjwa huo anayelingana na wale wa Uganda, ambako malale yalikuwa yameua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne. Basi kutoka maabara ya Entebbe akaja daktari Lyndhurst Duke. Yeye alichunguza wagonjwa na vijidudu kwenye damu, Swynnerton akachunguza mbung'o na pori. Ripoti zao zilitoka mwaka 1923.

Ushirikiano wa namna hiyo haukuwa mgeni kabisa ziwani. Mwaka 1908 Uingereza na Ujerumani, pamoja na uhasama wao wote, zilikubaliana kupashana habari za malale na kudhibiti watu wanaovuka kati ya Uganda na upande wa Wajerumani. Daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa amefanya utafiti wake wa malale kwenye visiwa vya Sese, ndani ya eneo la Waingereza. Hawakufanya hivyo kwa upendo. Mitumbwi ilikuwa inavuka kila siku, na ugonjwa ulivuka nayo.

Uchunguzi wa Maswa ulizaa jambo jingine. Mbung'o wa pale alikuwa amehesabiwa kuwa wa aina iliyokwishajulikana. Vielelezo vilipopelekwa London ikaonekana ni aina mpya, na mtaalamu Austen akaipa jina la Swynnerton mwaka huohuo wa 1923. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kwa mfugaji, kwa sababu mbung'o huyu anapenda vichaka vya miiba mahali pakavu, na vichaka vya namna hiyo vinafyekeka.

Hapo ndipo habari ya Mzila ilipopata kazi Shinyanga. Swynnerton alikutana na Mtemi Makwaia wa Usiha, kiongozi aliyekuwa anaona kwa macho yake pori likimeza nchi. Mpango wao ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Kwanza, mtu yeyote asichome nyasi mapema. Nyasi ziachwe zikue na kukauka hadi mwisho wa kiangazi, kisha zichomwe zote kwa siku moja ili moto uwe mkali na kuua vichaka. Halafu watu waingie na mashoka na majembe, wafyeke kilichobaki. Maelfu ya Wasukuma walitoka kufanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka kwa wito wa watemi wao. Eneo likisafishwa, familia zilihamia na ng'ombe mara moja, maana pori lisilokaliwa hurudi.

Vitabu vinamtaja Swynnerton. Makwaia hutajwa mara chache, na waliofyeka hawatajwi kabisa. Hata kwenye utafiti wenyewe kazi kubwa ilifanywa na vijana wa nyavu, wenyeji waliotembea njia ileile kila wiki, wakikamata mbung'o na kuwahesabu. Bila miguu yao takwimu za Shinyanga zisingekuwepo.

Mwaka 1929 iliundwa idara maalumu ya utafiti wa mbung'o, Swynnerton akawa mkurugenzi wake, na Shinyanga ya Zamani ikawa makao makuu. Pori liligawanywa vipande vyenye namba. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka, kingine kilizuiwa moto kabisa, kingine kilifyekwa, kisha matokeo yakalinganishwa. Mtafiti mmoja, Jackson, aliwatia mbung'o alama ndogo za rangi mgongoni na kuwaachia, kisha akahesabu wangapi walikamatwa tena, ili kukadiria idadi yao porini. Wataalamu wa Tanganyika, Uganda na Kenya walikutana Entebbe katika miaka ya 1930 kupanga nani achunguze nini, wasirudie kazi ileile kwa fedha tofauti. Mwaka 1936 Swynnerton alitoa kitabu kikubwa kuhusu mbung'o wa Afrika Mashariki. Tazama jina hilo: kitabu kiliandikwa Shinyanga, lakini kilihusu mbung'o wa eneo lote.

Juni 1938 alipanda ndege kwenda Dar es Salaam kupokea nishani. Ndege ilianguka. Alikufa pamoja na Burtt, mtaalamu wa mimea aliyeijua miti ya Shinyanga kuliko mzungu yeyote wa wakati wake.

Kazi iliendelea bila yeye, na si yote ilikuwa ya kujivunia. Kati ya mwaka 1945 na 1950 maelfu ya wanyamapori walipigwa risasi katika kipande kimoja cha pori la Shinyanga ili kuona kama mbung'o watakufa njaa. Mbung'o walitoweka kweli, ila sidhani kama kuna anayetamani jaribio hilo lirudiwe. Katika miaka hiyohiyo ya 1940 mtafiti Vanderplank aligundua kwamba aina mbili za mbung'o zikipandana, watoto wao ni wagumba. Alichukua mabuu zaidi ya 100,000 ya aina nyingine, akayaweka katika eneo lililojaa mbung'o wa Swynnerton. Wenyeji wakapungua vibaya, na wale wageni nao wakashindwa kuhimili ukame. Taarifa kamili ya jaribio hilo ilichapishwa mwaka 2012. Ilikaa kwenye makabati zaidi ya miaka 60.

Baada ya vita kuu ya pili, nchi tatu za Afrika Mashariki ziliunganisha utafiti wa mbung'o chini ya shirika moja, ambalo baadaye lilikuwa na makao Tororo, Uganda. Shinyanga ikawa kituo mojawapo. Ni wakati huo pia, kuanzia mwaka 1947, ambapo mpango wa maendeleo wa Usukuma uliwafungulia watu na ng'ombe njia kuelekea magharibi, Geita, ambako mapori ya mbung'o yalikuwa yakisafishwa. Kabla ya hapo Geita ilijulikana zaidi kwa mgodi wake wa dhahabu. Familia nyingi za Wasukuma zilizoko Geita leo zilifika kwa njia hiyo.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Maabara ya Tororo ikabaki Uganda, Kenya ikajenga taasisi yake Muguga, Tanzania ikaanza upya Tanga. Mbung'o hawakugawanywa.

Hata hivyo Tanga ilifanya jambo kubwa. Kwa msaada wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, mbung'o walizalishwa huko kwa wingi, madume wakafanywa wagumba kwa mionzi, na wakaachiwa kwa ndege juu ya Unguja. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, kwa hiyo akipata dume mgumba hazai. Mbung'o wa mwisho wa porini Unguja alionekana mwaka 1996. Mwaka uliofuata kisiwa kilitangazwa kuwa huru. Nchini Kenya nako, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilichoko Nairobi kilibuni mtego wa kitambaa cha bluu na cheusi huko Nguruman, karibu na mpaka wa Tanzania. Chambo chake kimojawapo ni mkojo wa ng'ombe. Mfugaji anaweza kuushona mwenyewe.

Shinyanga ilikuwa na deni lingine la kulipa. Ufyekaji ulioanza kwa ajili ya mbung'o haukuishia hapo. Pamba, kuni na wingi wa mifugo vilimaliza miti iliyobaki, na kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakizungumzia Shinyanga kama jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na mwaka uliofuata wakaungana nao watafiti wa kilimo mseto kutoka kituo cha ICRAF, Nairobi. Safari hii ujuzi wa msingi ulitoka kwa Wasukuma wenyewe: ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike hadi kiangazi. Ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa kama hekta 600. Chini ya miaka 20 baadaye zilipita hekta 300,000. Mtu aliyefyekewa babu yake kichaka cha miiba leo anakilinda kwa sheria ndogo za kijiji.

Kwa upande wa malale, mwaka 2000 viongozi wa Afrika walikubaliana kupambana na mbung'o kwa pamoja, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya jamii. Tanzania bado haijafika hapo. Mbung'o wenye jina la Swynnerton wako pande zote mbili, Serengeti na Mara, wakinyonya nyati yuleyule anayevuka mpaka asubuhi na kurudi jioni.