Laennec, Daktari Aliyesikiliza Vifua

Askari anayelazwa hospitalini hapa Bujumbura kwa ajili ya kichomi, yaani nimonia, huwekewa kifuani chombo cha kusikilizia mapafu. Leo twamkumbuka aliyekibuni, René Laennec.

Alizaliwa Quimper, Ufaransa, mwaka 1781. Mama yake alifariki angali mtoto, akalelewa na ami yake, daktari wa Nantes. Mwaka 1814, mjini Paris, aliwauguza askari wagonjwa wa Bretagne, akisema nao kwa lugha yao.

Mwaka 1816 aliona haya kumtegea mwanamke sikio kifuani. Akaviringisha karatasi kuwa bomba, na moyo ukasikika wazi. Kisha akachonga chombo cha mti. Katika hospitali ya Necker alilinganisha aliyoyasikia na mapafu ya waliofariki, akabainisha hatua za kichomi: kwanza mchakato mwembamba wa sauti, kisha pafu kuwa gumu kama ini, mwishowe usaha. Aliyaandika hayo mwaka 1819.

Ugonjwa wa kifua ulimwua mwenyewe mwaka 1826, akiwa na miaka 45, baada ya jamaa yake kumsikiliza kwa chombo kile kile.

Sikio peke yake halitoshi. Daktari wa leo huhesabu pia pumzi: mtu mzima mwenye kichomi anayehema mara 30 au zaidi kwa dakika, au aliyechanganyikiwa akili, au aliyeshuka msukumo wa damu, yu hatarini. Basi tusimwache mwenzetu kambini tukidhani ni mafua. Kuficha maradhi si ushujaa.