Elizabeth Zimmermann
Elizabeth Zimmermann (9 Agosti 1910 – 30 Novemba 1999) alikuwa mfumaji, mwalimu na mwandishi wa vitabu vya kufuma kwa mkono. Alizaliwa Uingereza, akasomea sanaa mjini Munich, Ujerumani, na mwaka 1937 alihamia Marekani pamoja na mumewe Arnold. Baadaye waliishi Wisconsin.

Maelekezo yake ya sweta ya kufumwa kwa mzunguko yalipochapishwa yakiwa yamegeuzwa kuwa ya vipande, alianzisha jarida lake mwenyewe. Kitabu chake Knitting Without Tears kilitoka mwaka 1971.

Mchango wake mkubwa ni kuwaondolea wafumaji hofu ya kukosea. Kama sweta imekamilika bila mfuko, alifundisha kukata uzi wa kitanzi kimoja, kufumua mstari huo kuelekea kulia na kushoto hadi upana utoshe, kisha kuvirudisha kwenye sindano vitanzi vilivyoachwa wazi juu na chini, na kufuma mfuko kuanzia hapo. Anayeona mkasi mara ya kwanza hushtuka, lakini nyuzi za sufu hushikana, hivyo vitanzi havifumuki ovyo. Hata sweta iliyofungwa mbele aliipasua katikati ili iwe ya vifungo, baada ya kuishona kwa cherehani pande zote mbili za mstari wa kukata.

Binti yake, Meg Swansen, aliendeleza Schoolhouse Press, kampuni aliyoianzisha mama yake.