Kabla ya mjusi wa Tendaguru, Janensch alikuwa mtu wa makombe

Kila mjadala wa yule mjusi wetu wa Tendaguru aliyeko Berlin ukianza, tunaishia palepale: arudishwe, asirudishwe, Wajerumani watulipe. Juzi nipo cafe hapa Bukoba, kijana mmoja akanishika mkono akauliza, kaka, hiyo miaka milioni 150 nani aliihesabu? Nikakwama. Nikaenda kusoma, nikakutana na mzee mmoja anaitwa Werner Janensch.

Alizaliwa 1878 huko Herzberg, Ujerumani. Sisi tunamjua kwa mifupa tu. Kumbe kazi yake ya mwanzo, iliyochapishwa 1902, ilihusu matabaka ya miamba ya Alsace, ambayo siku hizi ni Ufaransa. Na matabaka yale yalipewa jina kutokana na amonaiti mmoja.

Amonaiti walikuwa viumbe wa baharini, ndugu wa pweza na ngisi, wakiishi ndani ya kombe lililojikunja kama pembe la kondoo dume. Walitoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita. Wakiwa hai walienea bahari nyingi, na maumbo yao yalibadilika haraka. Aina moja inaonekana kwenye matabaka machache, halafu basi, huioni tena.

Kwetu Ngenge, Muleba, kuna wazee hawana cheti cha kuzaliwa. Ukitaka umri wa mtu unauliza: wakati wa Vita vya Kagera alikuwa ameshazaliwa? MV Bukoba inazama 1996, alikuwa anatembea au anabebwa? Basi amonaiti ndiyo MV Bukoba ya kwenye mawe. Anakuambia nani katangulia na nani kafuata. Miaka yenyewe kwa tarakimu ilikuja baadaye, watu walipoweza kupima madini yenye mionzi kwenye miamba ya volkano kwingineko duniani, wakailinganisha na mpangilio wa amonaiti. (Msihangaike kuwatafuta Kagera. Mawe ya mchanga ya Bukoba ni ya kale mno, yaliwekwa kabla wanyama wenye makombe hawajakuwepo.)

Turudi Lindi. Mifupa ya Tendaguru wenyeji waliijua. Wazungu wakaisikia, na 1907 mtaalamu Eberhard Fraas akafika, akaona ni ya zama za Kretasia. Berlin ikamtuma Janensch pamoja na Edwin Hennig, wakaanza kuchimba 1909. Hapo kumbukeni ni mwaka gani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimetoka kwisha, kusini kulikuwa na makaburi na njaa. Katika hali hiyo watu wakaajiriwa kuchimba, mwaka 1911 wakafikia karibu 500, na mizigo ikabebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku nne hivi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Jumla zilikwenda Berlin zaidi ya tani 200.

Janensch hakuchukua mifupa tu. Aliona kwamba pale Tendaguru mifupa iko kwenye matabaka matatu, na kila tabaka la mijusi limefuatiwa juu yake na mchanga wa bahari wenye makombe. Yaani bahari ilikuja, ikarudi, ikaja tena. Mwaka 1914 Józef Zwierzycki akachapisha uchambuzi wa amonaiti wa huko, na wenzake wakachambua makombe mengine. Jibu likawa tofauti na la Fraas: mijusi ile mikubwa ni ya mwisho wa zama za Jurasiki. Makombe ya Kretasia yapo, lakini juu kabisa, baada ya tabaka la mwisho la mifupa.

Halafu kuna hili lililonifurahisha kuliko yote. Moja ya makombe yale, linaloitwa Trigonia smeei, lilishajulikana kutoka Kachchh, India. Lindi na Gujarati, kombe moja! Sababu ni kwamba enzi hizo India na Madagaska zilikuwa jirani zetu, na mkono wa bahari ulikuwa umeingia kati yake na Afrika. Majahazi yetu ya kwenda Kachchh yalichelewa sana, njia ilishapitwa.

Janensch aliondoka 1911. Wengine wakaendelea hadi mwanzoni mwa 1913. Yeye akakaa Berlin akiandika habari za mifupa ile maisha yake yote. 1914 akampa mjusi mkubwa jina la Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya mkurugenzi wake Branca. 1937 akasimamishwa makumbusho. Vita ya pili ikapita. Maandiko yake ya mwisho makubwa kuhusu Tendaguru yalitoka 1961, akiwa na miaka zaidi ya 80! Akafariki 1969.

Mimi simchukii mzee huyu, alifanya kazi kwa uaminifu. Ila naona tunadai kitu nusu. Tunalilia mjusi kwa sababu ana urefu wa zaidi ya mita 13, wakati yale makombe yanayosema mjusi ni wa lini nayo yako kwenye makabati ya Berlin, na sijamsikia mtu akiyataja.

Mwaka 1991 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Janenschia. Boheti naye akapata wake, Australodocus bohetii. Huyo jina lake lilitoka 2007.